Uwanja wa Siafu

Vijana wangu, najua mmeshaanza kuulizana. Niliwaona juzi nilipopita kuwasalimu. Mlisimama chini ya ule mti mkubwa wa mkongo, mikono kiunoni, mnaitazama ile ardhi tambarare inayoteremka polepole mpaka kwenye maji ya bwawa, na mmoja wenu akasema, "Sasa hapa si ndo penyewe? Mbona mahema yamebanana kule juu kwenye mizizi?" Sikumjibu, maana wageni walikuwa getini wanasubiri kupokewa, na mgeni aliyetoka Dar na watoto na jua la mchana hasubirishwi kwa hadithi. Sasa nimekaa nyumbani, mstaafu, uji umepoa mezani, nina nafasi ya kujibu.

Mimi mnanijua kwa jina la Mzee Maganga. Ni Mnyamwezi, lakini wa Magindu, hukuhuku Pwani. Baba alihamia huko na ng'ombe wake nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo Tabora naijua kwa kuhadithiwa. Nilipofika kambini hapo msituni kuanza kazi nilikuwa kijana mwenye nguvu na kiburi, hema sijawahi kulilala hata siku moja. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa kambi, Mzee Kibwana, Mzaramo wa hapahapa Kisarawe, mfupi, mkavu, kofia yake ya kiua haivuki siku bila kufuliwa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanipima kwa macho.

"Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Nimeomba mfanyakazi, wameniletea mpagazi. Haya, beba hilo turubai, mtani wangu. Babu zako walibeba mazito kuliko hilo, na kwa miguu!"

"Nitabeba," nikamwambia, "mradi kusiwe na ngoma njiani, maana Mzaramo akisikia ngoma anaacha hata maiti."

Akacheka mpaka akashika mti. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Ninyi utani mnaoujua ni wa mpira, kwa hiyo nieleweni hapa. Mtani wa kabila ana ruhusa ambazo ndugu yako hana. Anaweza kukusema mbele za watu, anaweza kuchukua kuku wako, anaweza hata kulala kwenye kaburi mnalotaka kuzikia na kukataa kutoka mpaka mumpoze. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyevunja mila. Lishikeni hilo, nitalirudia mbele.

Mahema ya wakati ule yalikuwa ya turubai zito, nguzo za mti, vigingi vya chuma. Likilowa, watu wawili hawalinyanyui. Haya mahema yenu ya sasa yanayojifungua yenyewe ukiyatupa chini ni mazuri, lakini yana wazimu wake. Niliwahi kumwona baba mmoja wa Kibaha, mtu wa ofisini, akilirusha hema lake kwa mbwembwe huku mkewe anamrekodi kwa simu. Likajifungua vizuri kabisa. Akaenda kufuata vigingi kwenye gari. Upepo wa bwawani ukaja, ukalichukua hema, ukaliweka majini katikati, likawa linaelea kama bata. Mkewe aliendelea kurekodi. Ndiyo maana nawaambia kigingi kwanza, picha baadaye.

Mzee Kibwana alinifundisha kwa maneno machache na kejeli nyingi. Kabla ya kumpa mgeni mahali, alisema, lala wewe kwanza. Lala chali, uisikie ardhi. Mzizi utakuambia uko wapi, jiwe litakuambia, na mteremko utaujua kwa damu inayokimbilia kichwani. Usimpe mtu korongo hata kama ni kavu na lina kivuli, maana mvua ya Kisarawe haibishi hodi. Kuna kundi moja la wanafunzi walinidharau nikiwa mgeni kazini, wakalala kwenye korongo, na asubuhi tuliokota viatu vyao ukingoni mwa bwawa kimoja kimoja. Chakula usitundike mtini ukadhani umekificha, tumbili ndiye mwenye mti. Jivu la jikoni usitupe. Limwage kuzunguka mahema majira ya mvua, siafu hawapendi kukanyaga jivu. Na wakishaingia, usipigane nao. Mtoe mgeni nje, mkae mbali, muwaache wapite. Siafu ni wapita njia, hawana shida na hema lako.

Sasa tufike kwenye ile tambarare.

Ndiyo, ndipo penyewe. Hakuna mzizi, hakuna jiwe, upepo unafika, maji yanaonekana. Siku yangu ya kwanza nililala pale chali, kama nilivyofundishwa, nikamwita mzee kwa furaha, "Mtani, nimepata mahali pa wafalme!" Alikuja mbio, jambo ambalo hakulizoea, akanishika mkono akaniinua.

"Hapo hapalaliwi. Pana siafu."

"Mbona siwaoni?"

"Wewe umekuja leo, siafu wana miaka."

Kwa hiyo tukapaita Uwanja wa Siafu, na kila mgeni aliyepaulizia tulimpa jibu hilo. Wengine waliambiwa pana nyoka. Wanafunzi wa skauti waliambiwa kiboko hupandia hapo, na hilo bwawa halijawahi kuona kiboko hata wa kuchorwa. Nikimtania kwamba amefukia mali yake pale, ananijibu kwamba Mnyamwezi anawaza mzigo tu. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alichukua fagio la chelewa akapafagia. Msitu mzima umejaa majani, yeye anafagia hapo tu. Nilimuuliza nani anafagia msitu. Akasema ardhi ikiwa safi njia ya siafu inaonekana. Nikaona ni hekima, nikamwachia.

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli. Walikuja wafanyakazi wa ofisi fulani kutoka Dar, wamekunywa kidogo, wakubwa zao wanajuana na wakubwa zetu. Wakasema siafu ni hadithi za wazee, wakapiga mahema yao palepale uwanjani. Mzee Kibwana akasema, "Karibuni sana, mgeni njoo mwenyeji apone." Kisha akanivuta pembeni, akanipa debe na koleo.

"Kule kwenye mvule ulioanguka kuna siafu. Kawachote."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Niliwachota pamoja na majani na udongo wao, wakanipanda mpaka kwapani, nikarudi na debe nimelinyoosha mbele kama mtu aliyebeba mtoto wa mtu. Jua lilikuwa linazama. Mzee akalipokea debe, akalimwaga taratibu nyuma ya mahema, akakaa juu ya gogo kusubiri. Hatukusubiri sana. Mheshimiwa mmoja alitoka na suruali mkononi. Mwingine aliingia majini na shati na saa. Dada mmoja alipanda juu ya gari akawa anaita mama yake. Walihama wote kwenda kwenye mizizi, na walipokuwa wanahama mzee aliwasaidia kubeba mito, mpole, akiwapa pole.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nilipomtazama yeye hakuwa anacheka. Nilijiambia kwamba uzee una hasira zake, nikaenda kujipaka mafuta ya taa.

Na kuna jambo jingine nililoliona nisilielewe. Wakubwa zetu walitaka kumhamishia Kibaha, ofisini, kiti na feni, na nyumba ya kukaa. Alikataa. Mkewe, Mungu amrehemu, alinuna muda mrefu kwa ajili ya ile nyumba. Mimi nilimwita mjinga usoni, mtani ana haki hiyo. Akasema, "Nani atawafukuza siafu?"

Miaka ikaenda. Mzee akastaafu, mimi nikawa msimamizi. Sukari ikamshika miguu, akahamia Kibaha kwa binti yake Mwanahawa ili awe karibu na hospitali ya Tumbi. Mara ya mwisho alipolazwa Tumbi nilikwenda kumwona, na kwa kuwa mgonjwa hufurahia habari za kazini, nilimpa habari. Nikamwambia tumepata bosi mpya, mama wa Kihaya, tunamwita Mama Koku, mchapakazi. Anataka kambi ipendeze, mafundi wanakuja kujenga majukwaa ya mbao ya kuwekea mahema ya kisasa, nguzo za zege.

"Wapi?" akauliza.

"Pale kwenye uwanja wetu. Siafu wako nitawahamisha mimi."

Alikuwa anakula ndizi. Akaiweka chini. Akamwambia Mwanahawa aende akanunue maji, na maji yalikuwepo. Binti alipotoka akanishika mkono, mkono wake umekuwa mwepesi, akaniambia, "Maganga." Nikaogopa, maana sijazoea kusikia jina langu kinywani mwake.

"Pale yupo mama yangu."

Akanieleza, macho yameelekea ukutani. Kabla bwawa halijakuwepo palikuwa na kijiji chao. Watu walipotakiwa kuhama kupisha maji na msitu, waliambiwa waonyeshe makaburi ili yahamishwe. Mama yake alikuwa amezikwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Kibwana alikuwa kijana, baba yake alikwishafariki, hana kaka. Alisimama akaangalia baba mdogo wake akifukuliwa, akaona kilichotoka kimefungwa kwenye shuka jipya kimekuwa mzigo mdogo wa kubeba kwapani. Akaenda kwa mama yake kabla hawajamfikia, akang'oa mashahidi, vile vibao viwili vya kichwani na miguuni, akasawazisha udongo kwa mikono, akaburuta majani makavu juu. Walipomuuliza mama yake yuko wapi, akasema alizikwa mbali, kwa wajomba. Wakapita. Maji yalipojaa yalikomea hatua chache chini yake, kichwa chake kiko upande wa mkongo.

"Nikasema siwezi kumwacha peke yake msituni," akasema. "Nikaomba kazi."

Ndugu zangu, nililia. Mwanamume mzima, wodini, watu wanaangalia. Nililiona lile debe, nikaliona fagio la Ijumaa, nikaiona ile nyumba ya Kibaha. Mtu huyu alifanya kazi maisha yake yote ili awe jirani na mama yake, na hakuwahi hata kupiga goti pale mchana kweupe, asije mtu akamwona.

Nikasema basi ngoja nikamwambie Mama Koku. Akaning'ang'ania mkono. "Usithubutu. Ukisema watamfukua. Niapie."

Nikanyamaza. Akachukulia kimya changu kuwa kiapo.

Nilirudi kambini nimebeba mzigo mzito kuliko turubai lolote. Nikisema, nimemsaliti, na labda watamchimbua kweli. Nisiposema, nguzo ya zege inapita kifuani mwa mama wa mtu. Nilijaribu ujanja. Niliwaambia mafundi udongo ni laini, wakapiga chepe wakasema mgumu. Niliwaambia pana siafu, wakauliza wako wapi. Vigingi vya kamba vikapigwa. Kimoja kilipigwa karibu na shina la mkongo, na kila nilipokitazama nilihisi kama kimenichoma mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini uchi wenyewe haukuwa wangu.

Asubuhi nikaenda tena Tumbi. Sikukaa kwenye kiti. Nilisimama mwisho wa kitanda, nikavua kofia.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba, mpagazi wangu."

"Mtani, mimi nakwenda kusema. Nakwenda kumwambia bosi kila kitu ulichoniambia. Na huwezi kunikasirikia. Mimi mtani wako. Nina haki ya kulala kwenye kaburi la mamako nikatae kutoka, na ndicho ninachokwenda kufanya."

Mwanahawa aliyekuwa anakunja shuka akaganda. Midomo ya mzee ilicheza, nikadhani atanilaani, na kama angenilaani ingenishika. Kisha nikasikia kile kicheko chake cha siku ya kwanza, kidogo, cha ndani, na machozi yakawa yanateremka juu ya kicheko.

"Mnyamwezi mshenzi wewe," akasema. "Nenda."

Mama Koku nilimkuta uwanjani kwenyewe, na buti zake, anapima kwa macho. Nilimweleza nikiwa nimesimama baina yake na ule mkongo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kichwa kiko upande gani?" Nikamwonyesha. Akasogeza miguu yake, akagundua amesimama karibu sana, akarudi nyuma.

"Kwetu," akasema, "mtu anazikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, mlangoni kwake. Ukitoka kwenda shamba unampita, ukirudi unampita." Akavitazama vile vigingi vya kamba. "Wale wa zamani walikuwa na amri zao, sijui. Mimi sifukui mama wa mtu. Lakini Mzee Maganga, majukwaa yameshaagizwa, nitayaweka wapi?"

"Kule kwenye mizizi."

"Kwenye mizizi yatakaa vibaya."

"Yatakaa vibaya," nikakubali.

Yakakaa vibaya, na ndiyo maana yale majukwaa mnayoyalalamikia yana miguu mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine. Msimlaumu fundi.

Mzee aliporuhusiwa kutoka hospitali, Mama Koku alituma gari la ofisi likamchukue. Alikuja na Mwanahawa, wajukuu na shehe wa msikiti wao, na amepakata mapajani vibao viwili vipya vya mninga. Ilikuwa Jumamosi, kambi imejaa. Nilitaka kuwaondoa wageni, yeye akanikataza. Tulimbeba kwenye kiti mimi na dereva. Alipofika ukingoni mwa uwanja akasema, "Shusheni," kisha akasema kwa sauti, kama mtu aliyefika mlangoni, "Hodi, mama."

Vibao vikasimikwa. Shehe akasoma, na mimi nisiyejua maneno yale nilisimama nyuma nimekunja mikono kama ninavyofanya kanisani. Wageni wakazima muziki bila kuambiwa. Dua ilipokwisha mzee akabaki ameinama, anaongea chini chini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika kiti chake nilisikia.

"Mama, ni mimi. Wale watu niliokuwa nawafukuza ndio hawa. Hawana ubaya. Nilikuwa naogopa tu."

Mtoto mmoja wa wageni, binti mdogo mwenye kandambili kubwa kuliko miguu yake, akasogea akamuuliza, "Babu, wametuambia hapa pana siafu. Ni kweli?"

Mzee akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Walikuwepo," akamwambia. "Wameondoka leo."

Tukamgeuza kuondoka. Tulipofika kwenye njia akatwambia tusimame. Akaangalia nyuma, kule kwenye mbao mbili mpya na maji yanayometameta chini yake, na ile ardhi aliyoifagia tangu ujana wake. Nikadhani ataomba tuweke uzio. Badala yake akanionyesha kwa kidole kipande kilicho hapo kando, upande wa mkongo, panapotosha hema moja tu.

"Mtani," akasema, "hapo weka hema. Wape watu wenye watoto. Amekaa peke yake muda mrefu mno."

Alifariki kabla ya masika. Kwenye mazishi yake nililala kaburini kama mila inavyotaka, na hawakuweza kunitoa upesi, kwa sababu nilikuwa silii kwa utani.

Basi hilo ndilo jibu lenu, na vile vibao viwili mnavyovipita bila kuuliza ndivyo vya mama yake. Uwanjani hampigi hema, mnafagia, Ijumaa, kwa fagio la chelewa. Na hema la peke yake chini ya mkongo mnaliacha wazi mpaka ije familia yenye watoto wa kelele. Mzazi akiwaomba radhi kwa kelele hizo, mwambieni awaache wacheze.